Ukweli, Wema na Kipimo cha Mpunga

Reli itokayo Tabora kwenda Mwanza, ambayo ilifika Mwanza mwaka 1928, yapita Bukene katika wilaya ya Nzega. Msafiri achunguliaye dirishani huona mbuga za mpunga, miembe michache na magunia yaliyosimamishwa kando ya njia, kisha gari la moshi huondoka naye husahau. Mahali hapo hapana chuo cha falsafa. Hata hivyo ni hapo, nyumbani kwa mama yangu mzazi, nilipopata kusikia maswali mawili makubwa ya falsafa ya watu wa Magharibi yakiulizwa katika muda wa siku mbili, na la pili likawa jibu la lile la kwanza.

Jambo lenyewe lilikuwa hili. Kati ya shamba letu na la jirani palikuwa na mpaka wa minyaa, uliopandwa na marehemu baba pamoja na mzee wa upande wa pili. Miaka ilipita, minyaa mingine ikafa, mingine ikang'olewa, na wapandaji wote wawili wakafariki dunia. Jirani akadai ya kuwa kipande cha shamba tulimacho sisi, chenye upana wa mita 20, ni chake. Wazee wa kijiji wakaamua kumwita mama atoe ushahidi, kwa kuwa ndiye peke yake aliye hai kati ya wale waliokuwapo siku ile minyaa ilipopandwa. Nasi wanawe tulijua, ingawa hakuna aliyethubutu kulitamka, ya kuwa jirani alikuwa akisema kweli.

Jioni, mtoto wa dada yangu, aliyekuwa amerudi likizo kutoka chuoni, akamwambia mama kwa adabu, akiwa amechuchumaa mbele yake: "Bibi, si lazima useme uongo. Waambie tu unavyokumbuka kwa namna ya kutufaa sisi. Siku hizi wataalamu husema kila mtu ana ukweli wake. Wao wana wao, nasi tuna wetu." Mama hakujibu. Aliendelea kupepeta mpunga wake.

Kesho yake kijana akatumwa kuuza mpunga. Nyumbani tulikuwa tumeupima kwa debe letu, yakatimia madebe 12. Kwa mnunuzi likatolewa debe lingine, ambalo ubavu wake ulikuwa umegongwa kwa ndani hata ukatutumka, na kila lilipojaa likaongezwa kichungu juu. Yakatoka madebe 10, na kidogo kikabaki chini ambacho hakikulipwa. Kijana akarudi jioni amefura kwa hasira. "Bibi, nimeibiwa! Debe lile si debe!" Mama akamtazama, akamwuliza kwa upole: "Mjukuu wangu, kwani yule bwana naye hana ukweli wake?"

Wazazi wengi wanaosoma gazeti hili wamepata kusikia kauli ya kijana yule vinywani mwa watoto wao, na wengine hawakujua wajibu nini. Kauli hiyo si mpya, wala haikuzaliwa katika vyuo vya siku hizi. Yapata miaka 2,400 na zaidi iliyopita, mwalimu mmoja jina lake Protagoras, mwenyeji wa Abdera, alizunguka miji ya Wagiriki akiwafundisha vijana wa matajiri kusema vizuri mbele ya mabaraza na mahakama. Alisema ya kuwa mtu ndiye kipimo cha vitu vyote. Upepo ukiwa baridi kwako na vuguvugu kwangu, basi ni baridi kwako na vuguvugu kwangu, na hakuna wa tatu wa kutuamua. Ukiishia katika upepo, neno hilo halina madhara. Lakini ukilipeleka barazani, penye shamba na minyaa, ni neno zito mno.

Wazee wa Unyamwezi wangaliweza kumpa Protagoras mfano mzuri kuliko ule wa upepo. Katika karne ya 19, misafara ilipopita toka Bagamoyo kwenda Unyanyembe, na toka Unyanyembe kwenda Ujiji au kaskazini kwenye ziwa kubwa, ambako Speke alifika mwaka 1858, fedha ya njiani ilikuwa kitambaa, hasa kile cha merikani. Nacho kilipimwa kwa mkono: mikono minne ilikuwa shuka, na shuka mbili zilikuwa doti. Mkono maana yake ni toka kiwiko hata ncha ya kidole. Hapo mtu alikuwa kipimo kweli kweli! Lakini mkono wa nani? Ni nani asiyeona ya kuwa auzaye kitambaa angependa kupimiwa kwa mkono mfupi, naye anunuaye kwa mkono mrefu? Wala ugomvi wao haungekuwa na maana yo yote kama kila mmoja angekuwa na shuka yake ya kweli. Waligombana kwa sababu wote wawili walijua, kabla ya kunyosha mkono, ya kuwa iko shuka moja ambayo mikono yao yaikaribia au yaikosa.

Kupima pembe za ndovu kwa frasila kulipunguza ugomvi huo, na kilo zikaupunguza zaidi. Na tuseme kidogo juu ya kilo, kwa maana habari yake yafaa sana katika jambo hili. Tangu mwaka 1889 kilo ya dunia nzima ilikuwa ni kipande kimoja cha madini ya platini na iridi, kilichohifadhiwa Sèvres, karibu na Paris. Kila mzani wa halali, hata ule wa duka la kijijini, ulikuwa mjukuu au kitukuu wa kipande kile. Kufikia mwaka 1992, kipande kilipolinganishwa na nakala zake, wataalamu wakakuta tofauti ya kadiri ya mikrogramu 50, sawa na chembe ndogo ya mchanga. Basi wakafikwa na jambo la ajabu. Kwa sheria, kipande kile hakingeweza kupungua wala kuzidi, maana chenyewe ndicho kilo! Hata hivyo kila mwenye akili alijua ya kuwa kimojawapo kimebadilika, kipande chenyewe au nakala zake, na ya kuwa kulisema hilo si kusema upuuzi. Tangu tarehe 20 Mei 2019 kilo haitegemei tena kipande cho chote, bali yatokana na kiasi kisichobadilika katika maumbile, kilichopewa jina la Max Planck, mtaalamu wa Kijerumani. Wenye vipimo walilazimika kuacha kitu kilichoshikwa mkononi na kutafuta kisichochakaa.

Njia hiyo hiyo ndiyo aliyoifuata Plato. Mwalimu wake, Socrates, alikuwa na desturi ya kuwasimamisha watu wa Athens na kuwauliza: haki ni nini? Ushujaa ni nini? Nao walimjibu kwa mifano: mtu huyu ni shujaa, tendo lile ni la haki. Akawaambia ya kuwa hakuuliza habari za vitu vyenye haki, bali haki yenyewe. Watu wakachoka naye, na mwaka 399 kabla ya Kristo akahukumiwa kunywa sumu, umri wake ukikaribia miaka 70. Rafiki zake walikuwa tayari kumtorosha, naye akakataa. Plato, kijana aliyempenda, hakusahau jambo hilo maisha yake yote. Kama kila mtu ana ukweli wake, basi wale waamuzi waliomwua Socrates walikuwa na wao, na hakuna aliyekosa. Plato hakuweza kulikubali hilo, wala sidhani kama msomaji angelikubali.

Akamjibu Protagoras kwanza kwa hoja fupi. Ikiwa kila mtu aonavyo ndivyo ilivyo, basi wale waonao ya kuwa Protagoras amekosa, nao wana haki, na fundisho lake lajiangusha lenyewe. Mama yangu, ambaye hakupata kusikia jina la Plato, alitumia hoja ya jamii hiyo hiyo, tena kwa maneno machache zaidi.

Kisha Plato akaenda mbele. Akasema ya kuwa juu ya vitu vizuri vinavyozaliwa na kuoza uko uzuri wenyewe usiooza, na juu ya matendo ya haki iko haki yenyewe. Aliviita kwa neno la Kigiriki "idea", maana yake sura au umbo, ila sura hii huonwa kwa akili, si kwa macho. Na juu ya hizo zote akaweka Wema wenyewe, akaufananisha na jua: jinsi jua litoavyo mwanga ili macho yaone, na joto ili mimea ikue, ndivyo Wema utoavyo ukweli kwa vitu vijulikanavyo na uwezo wa kujua kwa akili ijuayo. Tazama, basi, jinsi ukweli na wema walivyofungamana tangu mwanzo wa falsafa hii.

Msomaji aweza kudhani mambo haya ni mageni kwa lugha yetu. La hasha. Mswahili husema mtu, kisha husema utu. Husema tendo jema, kisha wema. Husema maneno ya kweli, kisha ukweli. Kiambishi kimoja kidogo, u-, hutuondoa kwenye vitu vingi na kutuweka mbele ya kitu kimoja ambacho hakuna jicho lililopata kukiona. Katika Kinyamwezi kiambishi hicho ni bu-, kama tusikiavyo katika Bunyamwezi na Busukuma, ambayo watu wa pwani waliofuatana na misafara waliyatamka Unyamwezi na Usukuma. Mtoto wa Bukene ajifunzaye kusema, kabla hajafika shuleni, amekwisha kupewa ngazi ya kupandia kwa Plato. Kama atapanda, hilo ni jambo jingine.

Aliyelichunguza jambo hili kwa bidii katika nchi zetu za Afrika Mashariki ni Padre Alexis Kagame wa Rwanda, aliyezaliwa mwaka 1912 na kufariki mwaka 1981. Katika kitabu chake juu ya falsafa ya Wabantu wa Rwanda, kilichotolewa Brussels mwaka 1956, alichukua mafungu kumi ambayo Aristotle aliyatumia kugawa vitu vyote vilivyopo, akayatafuta ndani ya Kinyarwanda. Akayakuta yamekusanyika katika maneno manne yenye shina moja la -ntu: umuntu, mwenye akili, ikintu, kisicho na akili, ahantu, mahali na wakati, na ukuntu, jinsi kitu kilivyo. Kabla yake Padre Placide Tempels, Mfransisko wa Ubelgiji aliyefanya kazi Katanga, alikuwa ametoa kitabu juu ya falsafa ya Kibantu mwaka 1945, chenye maneno mengi juu ya nguvu ya uhai. Lakini Kagame alikijua Kinyarwanda kama lugha ya mama, na hiyo ni tofauti kubwa. Baadaye Paulin Hountondji wa Benin alionya ya kuwa falsafa ni kazi ya watu mmoja mmoja wafikirio na kujibizana, si mali iliyolala tayari ndani ya lugha ya kabila zima. Mimi naona onyo hilo ni la haki. Lugha hutupa jembe, lakini jembe halilimi lenyewe.

Turudi kwa Wagiriki. Aristotle alikaa na Plato miaka 20, akampenda, akampinga. Alisema ya kuwa rafiki na ukweli wote ni wapenzi, ila yatupasa kuutanguliza ukweli. Kisha akauliza: fundi wa kufuma nguo au seremala atafaidiwa nini katika ufundi wake kwa kuujua Wema wenyewe? Mganga hatibu Afya yenyewe, hutibu mtu huyu aliyelala hapa. Wema haukai mbali na vitu. U ndani ya vitu, kila kimoja kwa namna yake. Kisu chema ni kikatacho. Debe jema ni lipimalo sawa. Naye mwanadamu mwema ni yule atumiaye vizuri akili yake katika mambo ambayo hayana kanuni iliyoandikwa, yaani mwenye busara.

Neno hilo la busara lina historia katika mkoa wa Tabora. Mwezi wa Januari mwaka 1958 chama cha TANU kilifanya mkutano mkuu mjini Tabora. Serikali ya Kiingereza ilikuwa imeleta uchaguzi wa kura tatu, ambao ulimlazimisha kila mpiga kura kuchagua Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja, kana kwamba mataifa hayo matatu yalikuwa sawa kwa hesabu. Wajumbe wengi waliuona uchaguzi ule kuwa ni uongo ulioandikwa kwa sheria, wakataka kuususia. Walisema kweli juu ya ubaya wake. Julius Nyerere, aliyekuwa amesoma Tabora, akafundisha katika shule ya Mtakatifu Maria ya hapo toka 1946 hadi 1949, kisha akasoma Edinburgh ambako falsafa ya maadili ilikuwa mojawapo ya masomo yake, hakukana ubaya huo. Aliwaonyesha ya kuwa wakikaa nje, wengine wataingia na mlango utafungwa. Mkutano ukakubali kushiriki. Zuberi Mtemvu akajitenga na kuanzisha chama chake. Wagombea walioungwa mkono na TANU walipata karibu viti vyote katika uchaguzi wa 1958 na 1959, na uamuzi ule ukaitwa Uamuzi wa Busara.

Nimeuleta mfano huu kwa sababu wako wadhanio ya kuwa busara ni kuupinda ukweli kidogo ili mambo yaende. Tabora haikuwa hivyo. Kura tatu haikuitwa njema hata baada ya kukubali kuipiga. Na chama kile kile kilimtaka kila mwanachama aahidi kusema kweli daima. Kama kila kiongozi aliitimiza ahadi hiyo miaka iliyofuata, kila msomaji mwenye umri wa kutosha ana kumbukumbu zake. Lakini Aristotle angeitambua kazi ya mkutano ule: kujua lililo jema ni kazi moja, kujua lifanyike lini, kwa njia gani na pamoja na nani, ni kazi nyingine, wala ya pili haiwezi kusimama pasipo ile ya kwanza.

Plato na Aristotle waliacha swali. Kama ule uzuri wenyewe na haki yenyewe vipo, vinakaa wapi? Aliyelijibu kwa namna iliyoshika muda mrefu alikuwa Mwafrika, Mtakatifu Augustino, aliyezaliwa mwaka 354 Thagaste, mji ulio leo katika Aljeria, na kufariki akiwa askofu wa Hippo mwaka 430. Alisema mawazo yale ya milele hayaelei hewani peke yake: yamo katika akili ya Mungu, naye aliumba kila kitu kwa kufuata wazo lake, kama fundi aliye na mlango kichwani kabla ya kushika randa.

Toka hapo twafika kwa Mtakatifu Tomaso wa Akwino, aliyefundisha Paris toka 1256 hadi 1259 juu ya swali hili hili la ukweli. Vijana wengi waliopita seminari ya Kipalapala, nje ya Tabora, walikutana naye huko. Alipotaka kueleza ukweli ni nini, alishika maelezo ambayo yeye aliyahesabu kuwa ya Isaac Israeli, mganga wa Kiyahudi aliyezaliwa Misri: ukweli ni kulingana kwa akili na kitu. Nasema hivi ili asitokee mtu wa kudai ya kuwa falsafa ya Magharibi ilikuwa ya Magharibi tupu; ilipita mikononi mwa Wayahudi na Waislamu, na sehemu yake kubwa ilipita Afrika.

Kisha Tomaso akaandika jambo ambalo, kwa maoni yangu, ndilo jibu kamili kwa Protagoras, na kwa debe la mnunuzi pia. Alisema viko vipimo vya namna tatu. Akili ya Mungu yapima, wala haipimwi na kitu. Vitu vya maumbile vyapimwa na akili ile, navyo vyapima akili yetu. Nayo akili yetu yapimwa na vitu hivyo, wala haivipimi. Twaweza kuwa kipimo cha vile tu tuvitengenezavyo kwa mikono yetu.

Soma tena polepole, msomaji mpenzi, kisha tazama debe. Debe ni kazi ya mikono. Watu walikaa, wakaazimia liwe kiasi gani, nalo ni debe zuri likilingana na wazo lile. Hapo Protagoras ana haki: mtu ndiye kipimo. Lakini mpunga haukuazimiwa na mtu. Punje zilizomo katika lundo zapata idadi yake hata kama hakuna aliyezihesabu, na mnunuzi akisema ni madebe 10, lundo halipungui kwa kauli yake. Hapo mtu si kipimo. Yeye ndiye apimwaye. Kosa la Protagoras lilikuwa kuudhania mpunga kuwa debe. Na minyaa je? Kuiweka pale kulikuwa kazi ya wazee wawili. Wangaliweza kuiweka mashariki kidogo au magharibi kidogo, kama walivyopatana. Lakini wakiisha kuipanda, jambo limekuwa, na hakuna akili ya mjukuu, hata iliyosoma chuoni, iwezayo kuusogeza mpaka kwa kukumbuka kwa namna ya kufaa.

Na wema waingilia wapi? Tomaso alisema ukweli na wema si vitu viwili vilivyojitenga. Kilichopo, kikijulikana na akili, huitwa kweli; kikitamaniwa na moyo, huitwa chema. Ukweli wenyewe ni mmojawapo wa mema, kwa kuwa ndio wema wa akili, kama chakula kilivyo wema wa tumbo. Ndiyo sababu anayekudanganya hakukosei katika jambo lile moja tu. Amekunyima kitu chako.

Wanafalsafa wa baadaye waliyafungua mafundo haya. Descartes, mwaka 1637, alianza na shaka, akatafuta hakika ndani ya fikira zake mwenyewe kabla ya kuvitazama vitu. Hume wa Scotland, karne ya 18, aliuliza swali ambalo halijaacha kuwasumbua watu: kutokana na kusema kitu kiko hivi, wapataje kusema yapasa kiwe hivi? Hakuwa mpumbavu aliyeuliza hivyo, na majibu mepesi hayamtoshi. Nasema tu ya kuwa mtu akiambiwa, "debe hili ubavu wake umegongwa," hangoji hoja nyingine ili ajue ya kuwa debe hilo ni baya, maana ajua debe ni la kufanyia nini. Swali ni kama twajua mwanadamu ni wa nini. Hapo ndipo njia zinapoachana, na makala moja haitoshi.

Liko bado jambo moja, nalo ndilo lililotulia moyoni mwetu usiku ule wa pili baada ya kula. Shamba ni jambo jema. Mita 20 za mbuga hulisha watoto, na watoto hao walikuwa wamelala chumba cha pili. Hatukuwa tukichagua kati ya wema na uovu ulio wazi. Tulikuwa na jema mkono mmoja na ukweli mkono wa pili. Augustino aliandika, karibu na mwaka 395, ya kuwa si halali kusema uongo hata kwa kuokoa uhai. Kant, Mjerumani, akaandika vivyo hivyo mwaka 1797: hata mwuaji akikuuliza mlangoni rafiki yako yuko wapi, usimdanganye. Wengi wamewaona kuwa wagumu mno, nami nakiri ya kuwa mwuaji akisimama mlangoni pangu sijui nitasema nini. Lakini pale Bukene hapakuwa na mwuaji mlangoni. Palikuwa na jirani, mwenye watoto wake.

Kijana ndiye aliyevunja kimya. Akasema: "Bibi, yule wa debe angesema naye ana watoto." Mama akamjibu: "Anao. Nawajua."

Asubuhi tuliondoka sote kwenda shambani, mama akitembea polepole, mjukuu wake amemshika mkono. Wazee walikuwa wamekwisha kufika. Mama hakuapa wala hakuhutubia. Alikwenda moja kwa moja hata mahali penye kichuguu kilichosawazishwa na majembe, akageuka, akaelekeza fimbo kwenye kisiki kilichofichwa na nyasi, ambacho hakuna hata mmoja wetu aliyekikumbuka. Akasema baba alianza hapa, na mwenziwe akaanza kule. Wazee wakaomba kijana mwenye mwandiko mzuri aandike, naye mpwa wangu akapewa kalamu na karatasi. Futi ya kamba ikavutwa toka kisikini hata ukingo wa matuta yetu. Jirani alikuwa amedai mita 20. Zikasomwa 23, naye akaziandika 23.